Gozi ni Nini, na Hutumikaje? Mwongozo Kamili Kuanzia Jina Hadi Kidonda

Taja gozi mbele ya shabiki wa soka, atadhani unazungumzia mpira. Agiza shashi dukani, huenda ukaletewa karatasi laini ya chooni. Sema bandeji, utapewa utepe mrefu ulioviringwa ambao kazi yake ni kufunga, si kunyonya. Niliwahi kutumwa gozi nikarudi na bandeji ya mpira inayovutika. Ndugu yangu aliyekuwa amekandamiza kisigino kinachovuja damu alinitazama kana kwamba nimemletea kamba ya kufungia mbuzi. Tangu siku hiyo huanza na jina, kitu chenyewe hufuata.

Jina

Kwenye pakiti utakuta neno la Kiingereza, gauze. Maana yake ni kitambaa chepesi kilichofumwa kwa nyuzi zilizoachana, kiasi kwamba ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, wanaosema gaze. Lilikotoka kabla ya hapo kuna ubishi: wapo wanaolihusisha na mji wa Gaza, wapo wanaolirudisha kwenye qazz, neno la Kiarabu la hariri mbichi.

Sisi tulikuwa na neno letu zamani: shashi. Limetoka kwenye Kiarabu, shash, na Waarabu mpaka leo kitambaa cha kufungia vidonda hukiita hivyo. Kinachochekesha ni kwamba Waingereza nao walilichukua neno hilohilo wakalifanya sash, ule mshipi wa kitambaa unaopitishwa begani au kiunoni. Kwetu shashi ilikaa kwenye vitambaa vyepesi, kisha ikahamia kwenye karatasi nyepesi, na hapo ndipo dukani mambo yanapochanganyika. Maandishi mengine utakuta wameandika chachi. Ni kitu kilekile.

Wauguzi wengi husema gozi, na mimi nitafuata wao. Ila angalia ngeli. Gozi la mpira limetokana na ngozi, nalo huchukua "la" na "hili": gozi hili limepasuka. Gozi ya kidonda huchukua "ya" na "hii": gozi hii imelowa, gozi hizi zimekwisha. Ukishika upatanisho huo, hakuna atakayekuletea mpira.

Tuitofautishe pia na jirani zake. Pamba ni nyuzi zisizofumwa. Bandeji ni utepe wa kushikilia kilichowekwa juu ya kidonda, ingawa bandeji nyingine zimefumwa kwa mtindo wa gozi, na ndiyo maana watu huchanganya. Plasta ni ile yenye gundi. Melimeli ni kitambaa chepesi pia, lakini nyuzi zake zimesogeleana. Kwenye gozi unaweza kuzihesabu kwa macho.

Kabla ya kuitumia, itazame kwa karibu

Hatua hii huwezi kuipata kwenye karatasi ya maelezo, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua gozi moja, ikunjue yote, ishike mbele ya dirisha. Utaona vidirisha vidogo vya pembe nne, mamia kwa mamia. Nyuzi za urefu ni mtande, za upana ni mshindio. Sasa vuta uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa. Utatoka bila ubishi, na nyuma yake utabaki mstari mtupu.

Mafundi wa kufuma watakwambia gozi halisi haifanyi hivyo. Katika ufundi wao, nyuzi za mtande hupangwa mbilimbili, zikasokotana kila zinapopita kwenye mshindio, kwa hiyo kitambaa kinabaki na matundu lakini nyuzi hazitelezi ovyo. Gozi ya hospitali kwa kawaida imefumwa kirahisi, uzi mmoja juu, mmoja chini. Ni laini na hunyonya, lakini hupukutisha nyuzi. Ndiyo sababu ile miraba iliyo tayari hukunjwa kingo zikaingia ndani. Ukiikata kwa mkasi, ukingo uliokatwa usiguse kidonda. Ukunje uuelekeze ndani au nje, mbali na nyama.

Jaribio la pili: tupia kipande kwenye bakuli la maji. Gozi nzuri ya kunyonya huzama ndani ya sekunde chache. Ikielea kama mtumbwi, hiyo si ya kidonda. Pamba inapotoka shambani ina nta inayokataa maji. Kiwandani huchemshwa kwenye maji yenye alkali ili nta itoke, kisha ikasafishwa rangi. Pamba isiyopitia hayo haina maana kwa damu.

Kwa ufupi, unachonunua ni matundu. Damu na majimaji hupita kwenye matundu kwenda tabaka la juu, hewa hupita, na kitambaa hukubali kujikunja kwenye goti au kiwiko. Lakini matundu hayohayo ndiyo mtego. Damu ikiganda ndani yake, au nyama mpya ikichipua kupita katikati ya nyuzi, kidonda na kitambaa vinakuwa kitu kimoja. Karibu kila kosa nililoliona likifanywa na gozi linaanzia hapo.

Kuchagua

Jiulize kwanza: itagusa kidonda au haitagusa? Ikigusa, iwe iliyotakaswa, yaani iliyouawa vijidudu na kufungwa kwenye pakiti yake peke yake. Pakiti huandikwa STERILE, na mara nyingi herufi pembeni: EO ikiwa imetakaswa kwa gesi, R ikiwa kwa mionzi. Hospitali nyingi hutakasa zenyewe kwa mvuke wenye shinikizo, kwa joto la nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Zile za kwenye bando kubwa zisizotakaswa ni za kufuta ngozi ya pembeni, kutandika, na kuongeza unene juu. Watu hulipia zilizotakaswa wakazitumia kufutia meza. Hasara tupu.

Pakiti ikague kama unavyokagua yai. Iwe kavu, isiwe na tundu wala alama ya kulowa. Karatasi iliyowahi kulowa ikakauka hubaki na mawimbi, na maji yalipopita vijidudu navyo vilipita. Alama ya saa ya mchanga inaambatana na tarehe ya mwisho. Namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara maana yake ni mara moja tu, kisha tupa.

Kisha ukubwa. Miraba ya sentimita 5 kwa 5 inatosha kidole, 7.5 kwa 7.5 goti, 10 kwa 10 kwa mengi yaliyobaki. Pakiti ikisema 8, 12 au 16 mbele ya neno ply, hiyo ni idadi ya tabaka: nyingi hunyonya zaidi, chache hujikunja vizuri zaidi. Kidonda kinachotoa majimaji mengi kipe tabaka nyingi. Mkwaruzo mkavu hauhitaji godoro.

Kuna pia gozi zilizopakwa kitu. Ya mafuta ya parafini, ambayo ukiifungua inateleza na kung'aa, ndiyo rafiki wa kidonda kibichi, kwa kuwa haing'ang'anii. Ipo yenye aidini, dawa ya kuua vijidudu. Ipo yenye kaolini, udongo mweupe unaoharakisha damu kuganda, ambayo wanajeshi na watu wa gari la wagonjwa hubeba kwa majeraha makubwa. Wazo la kupaka gozi dawa ni la zamani: Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyetangaza matumizi ya asidi ya kaboliki dhidi ya kuoza kwa vidonda mwaka 1867, katika miaka ya 1870 alikuwa akifunika vidonda kwa gozi iliyolowekwa asidi hiyo. Mwaka 1880 mwenzake wa Birmingham, Sampson Gamgee, akaweka pamba katikati ya gozi mbili. Hila hiyo nzuri ingali inatumika: pamba inanyonya, gozi inaizuia isipukutike kwenye kidonda.

Na zipo zisizofumwa kabisa, nyuzi zimebanwa pamoja kama karatasi nene. Hazipukutishi sana, ni imara zikilowa. Kwa kufutia kidonda mimi huzipenda kuliko zilizofumwa.

Kufunga kidonda, hatua kwa hatua

Nazungumzia kidonda cha nyumbani: mkato, mkwaruzo, goti lililokwaruzika barabarani. Kidonda kilichopanuka mdomo, chenye kitu kilichochomeka ndani, cha kuumwa na mnyama au mtu, au cha kuchomwa na kitu kichafu kikaingia ndani, kifunike tu, nenda zahanati siku hiyohiyo. Kitu kilichochomeka usikichomoe. Weka gozi pande zake mbili ili kisitikisike.

*Kwanza, zuia damu.* Kunja gozi, weka juu ya mkato, kandamiza kwa kiganja. Kisha usichungulie. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: kila nusu dakika wanainua kona waone kama damu imekoma, na kila wakiinua wanakibandua kifuniko cha damu kilichoanza kuganda kwenye matundu. Tazama saa, dakika 10 kamili. Gozi ikilowa kabisa, ongeza nyingine juu yake na ukandamize kwa nguvu zaidi. Baada ya dakika 10 bado inavuja, kandamiza tena huku mkitafuta usafiri. Damu ikiruka kwa mapigo au kufurika, usingoje hizo dakika 10: kandamiza na uondoke.

*Pili, nawa mikono* kwa sabuni, vaa glavu kama zipo. Nimeiweka ya pili kwa makusudi. Mtu anayevuja damu nyingi hawezi kukungoja ukatafute sabuni. Kandamiza kwanza, ikiwezekana yeye mwenyewe akandamize wakati wewe unanawa.

*Tatu, osha kidonda.* Maji safi ya kunywa yanayotiririka yanatosha. Ukitaka maji ya chumvi, chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja kidogo cha chai kisichofurika, acha yapoe. Spiriti usimimine ndani ya kidonda; inachoma nyama hai pamoja na vijidudu. Mchanga uliobaki ufute kwa gozi iliyolowa, na gozi moja ni kwa pasi moja: futa mara moja, tupa, chukua nyingine. Anzia katikati ya kidonda kwenda nje. Ukirudisha gozi ileile katikati umekirudishia uchafu wake.

*Nne, kausha ngozi ya pembeni tu.* Kidonda chenyewe kiache na unyevu wake. Kwa muda mrefu watu waliamini kidonda kikipigwa upepo kikakauka gamba ndiyo kinapona haraka. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alilinganisha vidonda vya nguruwe, vingine vimeachwa wazi, vingine vimefunikwa visikauke. Vilivyobaki na unyevu viliota ngozi mpya kwa kasi kama mara mbili. Gamba gumu ni ukuta ambao ngozi changa inalazimika kuchimba njia chini yake.

*Tano, weka tabaka la kwanza lisilong'ang'ania.* Gozi ya parafini ikiwepo, kata kipande kinacholingana na kidonda. Haipo? Paka mafuta safi ya mgando, tabaka jembamba, moja kwa moja kwenye mkwaruzo. Chota kwa kijiko safi badala ya kidole, maana kopo ni la nyumba nzima. Ukiiruka hatua hii, utailipia kesho wakati wa kubandua.

*Sita, gozi kavu juu yake.* Fungua pakiti kwa kuachanisha midomo yake miwili kama unavyofungua kitabu. Gozi ishike kwa kona moja tu, na uso utakaogusa kidonda usiguswe na kitu kingine chochote. Ikianguka, hata kama ni kwenye shuka safi, imekuwa ya kufutia. Itambae sentimita 2 au 3 kupita kingo za kidonda pande zote.

*Saba, ishikilie.* Plasta ya karatasi kwenye pande nne inatosha kwa sehemu tambarare. Kwenye mkono au mguu tumia bandeji: anza upande ulio mbali na moyo, panda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Usivute. Kisha bonyeza ukucha wa kidole cha mwisho mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ukichelewa, au vidole vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, fungua ufunge upya kwa kulegeza. Usimhurumie aliyekwambia "funga sana isitoke".

Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa mpaka nje. Gozi iliyolowa mpaka juu imekuwa ngazi ya vijidudu: maji yanapotoka, wao wanaingia. Kila unapobadilisha, tazama. Wekundu unaotambaa mbali na kidonda, joto, uvimbe, usaha, harufu, maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua, homa: hayo ni ya kupeleka kwa daktari. Mwenye kisukari akiwa na kidonda mguuni asingoje hata dalili hizo. Na kwa kidonda chochote kichafu, uliza chanjo ya pepopunda ya mwisho ilikuwa lini.

Kubandua gozi iliyoganda

Nilipokuwa na miaka kama tisa nilianguka na baiskeli, na mtu mzima mmoja mwenye nia njema akanifunga goti kwa gozi kavu, bila mafuta, bila kitu. Baada ya siku mbili akashika ukingo, akasema hesabu moja mpaka tatu, akaing'oa kwenye mbili. Kovu ninalo, na naamini halitokani na lami. Limetokana na gozi. Alichoking'oa ni ngozi yangu mpya.

Inavyotakiwa ni hivi. Ondoa bandeji au plasta kwanza. Plasta ivute sambamba na ngozi, si kwenda juu, huku kidole kingine kimeikandamiza ngozi. Ukifika kwenye gozi iliyoganda, acha kuvuta. Lowesha gozi nyingine kwa maji safi ya uvuguvugu au maji ya chumvi, iweke juu, mimina kidogokidogo mpaka yote imelowa, kisha kaa. Dakika 5, pengine 10. Mtoto msimulie kisa. Rangi ya hudhurungi itaanza kulegea na kuingia kwenye maji. Hapo inua kona iliyolegea, ikunje nyuma juu ya yenyewe, uvute polepole kwa kufuata urefu wa kidonda. Ikigoma, ongeza maji. Ukiona damu mpya, umekuwa na haraka.

Ikiwa nyuzi mbilitatu zimebaki kwenye nyama, usizifukue kwa ukucha. Zilowe, uzitoe kwa kibano kilichochemshwa. Kikigoma kipande kizima, mwachie muuguzi.

Iliyotumika tia kwenye mfuko, funga fundo, tupa. Kuna wanaofua gozi za kidonda na kuzianika. Kuchemsha kunaweza kuua mengi, lakini nyuzi zimeshalegea, kunyonya kumeharibika, na huna pakiti ya kuihifadhi ikabaki safi. Sioni unachookoa.

Mahali ambapo mkono uizuie

Kidonda cha moto: kwanza maji ya bomba ya baridi yasiyo ya barafu, yatiririke dakika 20. Kisha funika kwa kitu kisichoganda, hata karatasi ya plastiki ya jikoni iliyo safi, ikilazwa tu bila kuzungushwa kwa kubana. Gozi kavu na pamba visiguse malengelenge yaliyopasuka.

Pua inayotoka damu usiijaze gozi mwenyewe. Inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, pumua kwa mdomo. Ukiijaza, damu itaganda humo na kutoka upya ukichomoa.

Jino lililong'olewa ni habari nyingine, gozi inahitajika, ila iloweshwe kidogo kwanza, ikunjwe iwe kifundo, iwekwe juu ya shimo lenyewe na ing'atwe nusu saa bila kuhamahama. Kavu itatoka na donge la damu, na hilo donge ndilo kifuniko cha mfupa.

Iliyosahaulika ndani

Kwenye chumba cha upasuaji gozi ndiyo kitu kinachohesabiwa kuliko fedha. Huletwa kwa mafungu yenye idadi kamili, huhesabiwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kukata, tena kabla ya kushona, na tena mwishoni. Sababu ni kwamba gozi iliyolowa damu, tumboni, haionekani. Imekuwa rangi moja na kila kilichoizunguka. Ndiyo maana gozi za upasuaji zina uzi, mara nyingi wa buluu, wenye bariamu salfeti ndani yake. Uzi huo huonekana kwenye eksirei wakati kitambaa chenyewe hakionekani. Ukikuta gozi yenye uzi wa buluu nje ya hospitali usishangae nao, lakini usiukate.

Gozi iliyosahaulika mwilini ina jina la kitabibu, gossypiboma. Nusu ya kwanza ni Kilatini, gossypium, pamba. Nusu ya pili, majarida ya tiba huandika, ni neno la Kiswahili: boma, eti "mahali pa kujificha". Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Boma letu ni ngome, ni uzio, ni makao yaliyozungushiwa. Linajulikana toka mbali, halijifichi. Lakini ukifikiri zaidi, aliyelibuni hakukosea sana. Mwili ukikuta gozi usiyoijua huizungushia ukuta wa nyama ngumu, ukaifungia humo. Kujificha si kwake, ila ukuta upo.

Gozi zisizo za kidonda

Nyingine nitazipitia haraka. Barakoa za mwanzo zilikuwa gozi: wakati wa tauni ya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, ya 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh aliwavalisha wahudumu barakoa za gozi na pamba zilizofungwa nyuma ya kichwa. Hogo la mfupa uliovunjika nalo ni kitambaa cha matundu kilichosuguliwa unga wa jasi. Kikilowa huwa kigumu kwa dakika chache na kupata joto, usiogope. Daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, alianza kuzitumia bandeji za namna hiyo mwaka 1851. Jikoni, gozi safi iliyokunjwa mara nne huchuja maziwa na kukamua jibini. Nunua isiyo na dawa, ichemshe kwanza.

Gozi ya waya ni wavu wa metali uliofumwa vilevile. Maabarani huwekwa juu ya kiguu cha chuma ili moto ujigawe sawasawa chini ya bika la kioo. Za zamani zilikuwa na asbesto katikati. Ukizikuta kwenye kabati la shule usizikwaruze, zitolewe, vumbi lake linadhuru mapafu. Za sasa zina kauri. Mwaka 1815 mwanakemia wa Uingereza, Humphry Davy, aliizungushia taa ya wachimba makaa wavu wa aina hii, na mwali haukutoka nje kuwasha gesi ya mgodini. Hewa na mwanga vilipita. Joto halikupita, kwa kuwa waya ulilimeza na kulitawanya kabla gesi ya upande wa pili haijafikia kiwango cha kuwaka. Ukiwa na kichujio kizee cha waya chenye matundu madogo, kishushe juu ya mwali wa mshumaa: mwali utakatika kwenye wavu kama umewekewa kifuniko, na moshi utaendelea kupanda juu yake.

Jukwaani nako ipo, pazia kubwa la gozi. Mwanga ukilipiga kutoka mbele, watazamaji wanaona ukuta, hata picha iliyochorwa juu yake. Mwanga wa mbele ukizimwa na wa nyuma ukawashwa, ukuta unayeyuka na waigizaji waliokuwa nyuma muda wote wanatokea. Jaribu usiku kwa ile gozi uliyoikunjua dirishani: ishike mbele ya uso wako, mtu akumulike kwa tochi akiwa upande wake, chumba kiwe giza. Ataona zaidi kitambaa cheupe. Kisha ageuze tochi imulike uso wako kwa nyuma ya gozi.